Natafuta Sakafu Laini

Jumapili, 6 Julai

Nimemgeuza Baba. Nimembadilisha shuka. Uji wa ulezi, nusu umeishia kwenye kanga tuliyomfunga shingoni. Dawa ya presha. Rehema amefua, mimi nimeanika.

Halafu nimechukua ubao wangu wa kuteleza nikaenda stesheni ya zamani. Jukwaa lote nyufa. Matairi ya ubao ni madogo, yakiingia kwenye ufa yanakwama, ubao unabaki na mimi naendelea peke yangu. Goti la kushoto limechubuka. Halikuuma. Siku hizi vitu haviumi. Baba amepooza upande mmoja. Mimi naona nimepooza pande zote mbili, ila natembea.

Naandika hapa ili baadaye nisijidanganye. Rehema amepata nafasi chuo cha uuguzi Morogoro. Wanaripoti katikati ya Septemba. Akienda, Baba anabaki na mimi. Nikirudi Dar, Rehema haendi popote. Tangu Baba aanguke kiharusi, mdogo wangu amemuuguza peke yake, wakati mimi nauza makava ya simu Kariakoo na jioni nateleza kwa ubao na kina Sele. Nilikuja Aprili. Nilisema wiki mbili.

Nimejiwekea hivi. Nikipata sehemu moja nzuri ya kuteleza, hapa Kilosa au popote pikipiki inapofika, nabaki. Nikikosa, narudi Dar. Kwa hiyo chuo cha Rehema nimekiweka juu ya saruji. Najua ni ujinga. Lakini hakuna kitu kingine ninachokitaka, na sijui mtu anabakije mahali ambapo hataki kitu.

Sijamwambia.


Jumatano, 9 Julai

Kazini. Duka la Mama Shaibu, dawa za mifugo na mbegu. Mimi napeleka mizigo vijijini kwa pikipiki ya duka. Nimepewa fulana, mgongoni ina ng'ombe mkubwa anayecheka. Navaa. Sijali.

Mama Shaibu anasema mimi nikikanyagwa na ng'ombe nitamwomba ng'ombe samahani. Wateja wamecheka. Nimecheka na mimi, kwa adabu.

Nikitoka Kimamba nimepitia kituo kipya cha treni ya umeme. Nje wamesakafia vizuri mno, hakuna hata punje ya mchanga. Nimeteleza mara moja, kutoka nguzo hadi nguzo. Kifua kikafunguka kidogo. Mlinzi akaja bila haraka, mtu mzima, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, halafu akaniambia: "Hii ni stesheni kijana, siyo disko." Ana haki. Nimeondoka.


Jumamosi, 12 Julai

Dumila. Niliambiwa sokoni kuna sakafu kubwa ya kuanikia nafaka. Ipo. Kubwa, tambarare, imepigwa niru mpaka inang'aa. Nimesimama pembeni na ubao kwapani, nikahisi mate mdomoni, kweli kabisa.

Imejaa mpunga. Kila pembe. Wanawake wanatembea juu yake wakiburuza miguu, kwenda na kurudi, kuugeuza. Nimesubiri wamalize. Hawamalizi. Wakizoa mmoja, mwingine anamwaga.

Mama mmoja ameniuliza nasubiri nini. Nikamwambia nasubiri sakafu. Akaniuliza mpunga wangu uko wapi. Nikamwonyesha ubao. Akauangalia juu na chini, akasema: "Mwanangu, njoo masika, utapakuta patupu." Masika sakafu itakuwa na maji. Yeye anajua na mimi najua. Kisha akaniambia nivue viatu nimsaidie kugeuza, maana nimesimama bure. Nimegeuza mpunga mpaka jua limepinda. Miguu inawasha. Hilo nimelihisi angalau.


Jumapili, 20 Julai

Mikumi. Nilipeleka chanjo ya kuku, nikabaki na mchana mzima. Barabara kuu haifai, malori. Kituo cha mafuta hakifai, wamenifukuza kabla sijashuka kwenye pikipiki.

Kijana wa bodaboda kaniambia kuna nyumba ya wageni iliyofungwa, nyuma yake lipo bwawa la kuogelea. Bwawa kavu ndilo kitu ambacho kila mtu wa ubao anakiota. Nimekwenda. Mwangalizi wa nyumba amenifungulia. Si kavu. Limejaa maji ya kijani na kambale. Anafuga. Amenionyesha kwa fahari, akatupa pumba, maji yote yakachemka kwa midomo. Nikamwambia hongera.

Nikirudi kwenye pikipiki nimekuta nyani amekaa juu ya ubao wangu. Amekaa vizuri, mikono magotini. Nimemwacha mpaka alipochoka mwenyewe.


Jumanne, 22 Julai

Sele amepiga simu. Godoro langu la Dar kuna mtu analitaka. Atanishikia mpaka mwisho wa Agosti. Nikasema sawa. Akauliza nitarudi au sirudi. Nikasema sawa.

Rehema alikuwa anapepeta mchele pale pale. Amesikia yote. Hakuuliza kitu. Ameendelea kupepeta hata mchele ulipokuwa umeshakuwa safi.


Alhamisi, 31 Julai

Nimepata.

Sitaki mbwembwe, naandika jinsi lilivyo. Nilikuwa napeleka dawa ya minyoo Tindiga. Baada ya mashamba ya mpunga nikakosea njia, nikatokea kwenye uwanda wa miiba. Katikati ya miiba kuna josho la zamani, la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Limekufa siku nyingi. Wafugaji wote wa huku sasa wananyunyizia kwa bomba la mgongoni, mabomba yenyewe tunawauzia sisi. Nimepita kando ya majosho maisha yangu yote. Sijawahi kuchungulia ndani.

Leo nimechungulia. Upande mmoja kuna mteremko mkali wa zege, ng'ombe anapotumbukia. Kisha handaki refu, kina chake kinamzidi mtu. Upande wa pili mteremko mwingine, unarudi juu taratibu. Juu yake sakafu pana iliyoinama kidogo, ili dawa inayochuruzika kwenye ng'ombe irudi shimoni. Aliyechora josho hakumfikiria mtu wa ubao hata kidogo. Lakini amemchorea kila kitu.

Ndani majani, udongo, chura mmoja, fuvu la mbuzi. Nimefagia kipande kwa tawi. Zege zima. Zege la zamani, gumu, si la siku hizi la kumumunyika.

Kasoro moja tu. Mteremko wa kupandia una matuta matuta yamekatiza, kama ngazi zilizolika. Uzee huo. Nitaziba.


Jumamosi, 2 Agosti

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Shikamoo, marahaba, habari za mjini. Nimemwambia naomba kulisafisha lile josho, nina shughuli nalo. Akaniangalia, akaiangalia fulana. Akasema: "Safisha baba. Limekufa, na wewe ndiye mwenye dawa." Sikuelewa alichomaanisha. Nimeitikia ndiyo mzee.

Nimefyeka miiba. Nimetoa udongo kwa ndoo. Malengelenge viganjani. Niliyaangalia kama ya mtu mwingine.


Jumapili, 10 Agosti

Saruji nimebeba nyuma ya pikipiki. Mchanga upo korongoni. Nimeziba matuta yote ya mteremko wa kupandia, nikapiga niru juu yake, nikailainisha kwa mwiko mpaka mkono ukafa. Sijawahi kufanya kazi hivi hata ya kulipwa.

Watu wa huku wakarimu. Vijana wa kifugaji wamekuja na mifugo yao, wamesimama kwenye fimbo, wameangalia, wameondoka bila neno. Baadaye mama mmoja akaleta maziwa kwenye kibuyu. Akasema Mungu anibariki kwa kazi hii. Nikashukuru. Akasema tena, akinishika kwa mikono miwili. Nikadhani ndiyo desturi yao.

Maziwa yana ladha ya moshi. Nimemaliza yote.


Jumapili, 17 Agosti

Saruji imekauka. Leo nimeshuka.

Nilisimama ukingoni pa mteremko mkali, mguu mmoja juu ya ubao, muda mrefu. Niliogopa. Nimesahau lini mara ya mwisho niliogopa kitu. Halafu nikauinamisha ubao. Tumbo likabaki juu, mimi nikawa chini, kuta zinapita, matairi yanavuma ndani ya handaki, nikapanda upande wa pili bila kikwazo hata kimoja, nikatokea juani kwenye sakafu pana, nikageuka, nikarudi. Nikapiga kelele. Peke yangu porini, napiga kelele.

Nina furaha. Naliandika neno hilo jinsi lilivyo.

Wale vijana walikuwapo, kwa mbali. Mmoja alinyoosha kidole kuelekea mteremko na kumwambia mwenzake kitu, wakatikisa kichwa kwa kukubali. Nikawapungia mkono.

Nyumbani nimemwambia Rehema: nenda chuo, mimi nabaki na Baba. Alikuwa anakata mchicha. Akasema haya. Akaendelea kukata. Kisha akaweka kisu chini, akaenda uani, akakaa kule kidogo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na amenawa uso. Mchicha tuliula na chumvi nyingi.

Nimempigia Sele. Godoro ampe mtu.


Jumatatu, 25 Agosti

Rehema ananifundisha. Namna ya kumkalisha Baba asichubuke mgongo. Namna ya kukunjua vidole vya mkono uliokufa, kimoja kimoja, kuanzia kidole cha mwisho. Baba anasema maneno machache tu tangu aanguke, na mengi hayaeleweki. Lakini nilipomvuta kidole vibaya alisema "polepole" wazi kabisa. Rehema akacheka mpaka akakaa chini.

Baba alikuwa kwenye gangi ya kutengeneza reli. Mkono huu ulikuwa unapiga nyundo.

Josho Jumamosi na Jumapili. Kazi katikati. Naona naweza kuishi hivi.


Alhamisi, 4 Septemba

Biashara nzuri leo. Mzee Lekishon wa Tindiga, mfugaji mwenye ng'ombe wengi, amekuja na vijana wawili. Amechukua dawa ya kuogeshea, madumu kwa madumu, mpaka nikaingia stoo. Mama Shaibu ameshangilia dukani kama yupo harusini. Nimewapakilia kwenye tela la trekta. Mzee amenishika bega, akanishika na mkono, akanitikisa. Nikamwambia karibu tena mzee.

Dawa ile ni nyingi kuliko mabomba yote ya mgongoni ya Tindiga. Nilifikiri hivyo wakati napakia. Sikuuliza. Siku hizi siulizi.


Jumamosi, 6 Septemba

Nimerudi. Nimenawa mara nyingi, bado nanuka dawa. Naandika kabla halijapoa.

Nilifika josho asubuhi, ubao mgongoni. Nilisikia pampu kabla sijaona. Watu wengi. Ng'ombe wengi kuliko nilivyowahi kuona, vumbi mpaka juu. Wafugaji na wakulima wa huku hawapikiki chungu kimoja, lakini pampu ilikuwa ya mkulima wa mpunga, wameivuta mpaka mferejini. Handaki limejaa maji meupe ya dawa. Lile lile handaki.

Mwenyekiti alikuwapo. Mzee Lekishon alikuwapo, kavaa shuka mpya. Yule mama wa maziwa. Waliponiona walipiga makofi. Makofi, kwangu. Nikaelewa yote mara moja.

Ng'ombe walikuwa wameshaanza kuingia. Wa kwanza alitumbukia, akazama, akaibuka, akaogelea, akafika kwenye mteremko wa kupandia. Akaweka kwato. Zikateleza. Akaweka tena. Akarudi majini kwa mgongo. Nyuma yake wengine wanasukumana, kila anayetumbukia anampanda aliyetangulia. Matuta yale hayakuwa uzee. Yaliwekwa makusudi, ng'ombe apate pa kukanyagia akitoka. Nimeyaziba kwa mkono wangu na kuyalainisha kwa mwiko. Nauza dawa za ng'ombe na sijui ng'ombe anatembeaje.

Nilikimbia. Nilipiga kelele wafunge geti la kuingilia, wakafunga. Magunia, nikasema, kila gunia. Watu wakatoa magunia, mashuka, majani, tukatandaza kwenye mteremko. Mimi nililala juu ya magunia yasiondoke, maji kiunoni, nikawa nazishika kwato na kuziweka. Vijana wakavuta kwa kamba za shingoni. Wakatoka mmoja mmoja, wanakohoa. Ukwato mmoja umenikanyaga mkono.

Mmoja hakutoka. Mtamba, jike ambaye hajazaa, mwekundu, paji jeupe. Tulimvuta akiwa ameshakufa.

Mzee Lekishon hakupiga kelele. Alinisogelea, nikamwamkia, sijui kwa nini, shikamoo mbele ya mzoga. Akaitikia. Akasema: "Umesema unatengeneza josho." Nikamwambia mzee, sikusema hivyo kwa mtu yeyote. Akasema: "Una fulana ya ng'ombe. Una saruji. Uko ndani ya josho. Sisi tufikiri nini?"

Nikamwonyesha ubao. Nikamweleza. Nilijisikia navuliwa nguo neno kwa neno. Kijana wake mmoja akasema waliniona nikishuka nao, wakajua napima mteremko. Hakuna aliyecheka.

Nilimwangalia yule mtamba nikasubiri kuhisi kitu. Sikuhisi. Hilo ndilo limenitisha kuliko mengine yote.


Jumapili, 7 Septemba

Mkono umevimba. Nimemwosha Baba kwa mmoja. Sasa tuko wawili wenye mkono mmoja.


Jumanne, 9 Septemba

Kilosa nzima inajua. Mama Shaibu amenivua ile fulana dukani, mbele za watu, akanipa nyeupe isiyo na kitu. Hakunifukuza. Amesema angenifukuza kama angepata mtu mwingine anayejua njia zote.

Nimekwenda Tindiga bila kuitwa. Wazee walikuwa wamekaa, mwenyekiti pia. Nilidhani watanitoza. Mzee Lekishon amesema mtamba amekufa, haamki kwa kulipwa, na watu wake wamekaa miaka wakisubiri mtu atengeneze josho, akaja mtu akalitengeneza bila kujua, basi alimalizie. Matuta yarudi, moja moja, kwa mkono wangu. Maji wameshayatoa.

Mwenyekiti akauliza kama nina la kusema. Nilitaka kusema kwamba ile ndiyo sehemu pekee. Kwamba nimeshaahidi nyumbani kwa sababu yake. Nikasema nitakuja kesho na tindo.


Jumatano, 10 Septemba

Tindo. Nyundo. Niru yangu imeshika vizuri mno, nimeijutia. Matuta mawili tu leo. Mkono mbovu unashika tindo, mkono mzima unapiga. Vumbi la saruji mdomoni.


Ijumaa, 12 Septemba

Nimemaliza. Mzee Lekishon ameshuka mwenyewe mpaka chini ya handaki, kavua makubazi, amepanda kwa miguu mitupu, akipapasa kila tuta kwa kisigino. Kwenye moja akasimama. Nikachonga zaidi. Akapanda tena. Akasema sawa.

Ubao nilikwenda nao. Sijui kwa nini nilikwenda nao. Ule mteremko wa kutumbukia bado ni laini, lakini sasa huko mbele ni ngazi. Ukishuka unavunjika. Nimekaa juu ya ubao kama yule nyani na kula ugali walioniletea.

Nilipofika nyumbani nimekuta begi la Rehema limefunguliwa. Lilikuwa limefungwa tangu juzi, ndoo na blanketi pembeni. Sasa nguo zake zimerudi kwenye kamba ya chumbani, sare zimekunjwa chini ya mto. Yeye yuko jikoni, anachochea moto, hageuki. Hajaniuliza. Tangu Aprili hajaniuliza.

Nilisimama mlangoni. Nilijiwekea sharti mwenyewe na sharti limevunjika. Sina sehemu. Sele bado hajampa mtu godoro, aliniambia jana. Basi la asubuhi lipo. Hakuna mtu angenilaumu usoni.

Nimechukua nguo zake kwenye kamba nikaanza kukunja. Sijui kukunja. Nimekunja gauni mara ngapi sijui, likatoka kubwa kuliko begi. Rehema akaja. Kisha akaninyang'anya gauni, akasema: "Unalikunja kama turubai." Akakunja yeye. Mimi nikawa nampa moja moja.

Sijisikii mtu mwema. Sijisikii chochote. Mikono ndiyo iliyokuwa inafanya.


Jumapili, 14 Septemba

Ameondoka. Nimempeleka stendi, ndoo kichwani kwangu. Alimuaga Baba kwanza. Baba alimshika kidole kwa mkono mzima na hakutaka kuachia, ikabidi nimkunjue vidole, kimoja kimoja, kuanzia kidole cha mwisho.

Stendi hakulia. Aliniambia dawa ya presha isipite muda, na uji usiwe mzito. Nikasema najua. Akasema hujui. Basi likaondoka.

Mchana wote nimekaa kwenye kibaraza. Ndani kunasikika Baba anapumua. Nina hasira. Nimeitafuta ni ya nani, sijaipata.


Jumamosi, 20 Septemba

Nimepeleka dawa Tindiga. Josho linafanya kazi. Nimesimama mbali. Ng'ombe wanatumbukia, wanazama, wanaibuka, wanakanyaga matuta, wanatoka wanang'aa. Mmoja baada ya mwingine. Yule mama wa maziwa ameniona, ameniletea kibuyu. Safari hii hakunibariki. Nikanywa.


Jumapili, 28 Septemba

Nimemgeuza Baba. Nimembadilisha shuka. Uji mwepesi, leo ameumaliza.

Rehema amepiga simu baada ya ibada. Chuo kizuri. Wanalala wengi chumba kimoja, mmoja anakoroma. Amejifunza kupima presha kwa mtu mzima mgeni na hakukosea. Amemwongelesha Baba, nimeweka simu sikioni mwake. Baba akasema jina lake. Nusu ya jina.

Kisha akataka mimi. Akasema nyuma ya bweni kuna kiwanja cha zege, walikijenga kwa ajili ya michezo, hakitumiki. Kikubwa, kina mteremko upande mmoja, amepita juu yake kwa ndala akateleza. Hakuna ufa. Alikuwa ananieleza taratibu, kama mtu aliyekipima. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, simu sikioni.

Halafu akasema: "Usije lakini, kaka."

Kwa hiyo alijua sharti langu. Siku zote hizi.

Nikamwambia siji. Asome. Akasema haya, akakata.

Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakusimama, ikabidi nikae ukingoni mwa kitanda cha Baba. Baba akageuza macho akaniangalia. Nikafuta uso kwa kanga ya uji. Muda wa dawa ulikuwa umefika. Nikampa.